Njombe hadi Ziwa Nyasa: Msafiri Anakwama Wapi?

Mkoa wa Njombe una baridi ya nyanda za juu, mashamba ya chai yanayoanzia pembezoni mwa mji, hifadhi ya taifa ya maua na ufukwe wa mojawapo ya maziwa yenye kina kirefu zaidi duniani. Vyote hivyo vimo ndani ya mkoa mmoja, uliozaliwa rasmi Machi 2012 baada ya kumegwa kutoka Iringa. Hata hivyo, Mtanzania wa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza mwenye likizo ya wiki moja na nauli mfukoni ni nadra kukata tiketi ya Njombe kwa ajili ya kutembea tu. Huja kwa msiba, kwa harusi, kwa uhamisho wa kazi au kwa biashara ya viazi, mbao na parachichi. Shughuli ikiisha, anapanda gari na kurudi alikotoka.

Kwa nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba barabara ni mbovu, au kwamba watu hawavijui vivutio vyao. Zamani majibu hayo yalikuwa na uzito. Leo hayatoshi, kwa sababu lami imefika mbali na picha za maua ya Kitulo zinazunguka kwenye simu kila msimu. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba msafiri anayejipangia safari mwenyewe, bila wakala na bila gari la kukodi, anarudishwa nyuma na kukosa uhakika. Anataka kujua gari linaondoka saa ngapi, nauli ni kiasi gani, atalala wapi na atarudi vipi. Akikosa jibu la swali moja tu kati ya hayo, anabaki nyumbani.

Mfano wa Vietnam

Ili kuona jambo hili vizuri, tuitazame nchi ambayo haikuanza ikiwa tajiri. Vietnam ilimaliza vita 1975, ikaungana rasmi 1976 chini ya mji mkuu wa Hanoi, na kwa miaka kumi ikaishi kwa dhiki. Mwaka 1986 ilianza mageuzi ya uchumi yaitwayo Doi Moi. Mwaka 1994 UNESCO iliingiza Ghuba ya Ha Long, yenye visiwa vya mawe ya chokaa vipatavyo 1,600, katika orodha ya urithi wa dunia. Kufikia 2019 nchi hiyo ilikuwa ikipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 18 kwa mwaka. Tanzania, yenye Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, ilivuka milioni 2 mwaka 2024 na kufurahia rekodi hiyo.

Sehemu kubwa ya wageni wa Vietnam hujipangia safari wenyewe. Mgeni anashuka Hanoi, analala katika hoteli ndogo ya familia kwenye mitaa ya kale ya mji, anakula barabarani na kuuliza njia. Asubuhi anapanda basi au treni kuelekea pwani ya kaskazini. Reli ya Hanoi hadi Hai Phong ipo tangu enzi za Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 20. Barabara ya mwendo kasi ilifika Hai Phong 2015 na kuendelezwa hadi Ha Long 2018, umbali wa kilomita 160 hivi kutoka mji mkuu. Tangu Agosti 2023 raia wa nchi yoyote anaweza kuomba viza ya siku 90 kwa mtandao.

Funzo lililo muhimu kwetu ni jinsi mji na pwani vinavyofanya kazi pamoja. Hanoi ni mahali pa kulala, kula na kuuliza, na pwani ndiyo inayomtoa mgeni kwao. Njombe ina umbo hilohilo: mji wenye huduma huku juu, na huko chini ufukwe wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa. Katikati yake kuna milima ambayo Vietnam ingeionea wivu. Kilichobaki ni kuviunganisha.

Makambako, lango la safari

Safari ya Njombe huanzia Makambako, hata kwa asiyekusudia kushuka hapo. Ndipo barabara kuu ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, inapoachana na ile ya Njombe na Songea. Ndipo pia TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapotokeza kwenye nyanda za juu baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kiliwatoa jasho wajenzi kuliko vyote, kwa sababu ya mahandaki, madaraja marefu na kingo za milima zisizoshikika wakati wa mvua. Abiria akikaa dirishani mchana katika kipande hicho, amekwisha kutalii kabla hajafika. Tatizo ni kwamba treni za abiria zimekuwa chache na ucheleweshaji wake unajulikana, kwa hiyo wengi huja kwa basi.

Kwa upande wa mabasi, jambo moja limebadilika na linastahili kutajwa. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku, na mgeni wa Dar es Salaam alifika huku giza limekwisha kuingia. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri saa 24. Abiria anaweza kuondoka jioni na kuamkia Makambako, akabaki na mchana mzima wa kuunganisha safari. Uamuzi huo mmoja umeikaribisha Njombe kwa wenye likizo fupi kuliko kampeni nyingi za matangazo.

Sasa mtazame mgeni huyo anaposhuka stendi. Wapiga debe wawili wanamdaka kabla begi halijagusa chini. Anaambiwa Costa ya Njombe inaondoka sasa hivi. Anaingia, anakuta viti vingi vitupu, na dereva anawasha injini kisha anaizima. Mwenyeji wa hapa hashtuki: anaweka mzigo wake kwenye kiti, anarudi kwa mama lishe kunywa chai, anasubiri gari lijae. Mgeni hajui kama atasubiri dakika kumi au saa mbili. Nauli anayotajiwa hana pa kuihakiki, ingawa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, hutangaza nauli kikomo za njia hizi.

Hapa kosa haliko kwa dereva. Gari likiondoka nusu tupu, mafuta yanakula faida yote ya siku. Kwa hiyo linasubiri. Kwa kuwa linasubiri, halina saa. Kwa kuwa halina saa, msafiri wa kutembea analikwepa, na abiria wanazidi kuwa haba. Kutoka Makambako hadi Njombe, kilomita 60 hivi, mzunguko huu hauumizi sana kwa sababu abiria ni wengi. Unauma kadiri unavyoiacha barabara kuu, na huko ndiko vivutio viliko.

Njombe mjini: tatizo la kulala limekwisha

Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai baridi yake inamshangaza mtu wa pwani, na koti ni la lazima hata mchana. Kwa kuwa ni makao makuu ya mkoa, mji umejaa gesti na hoteli za kiasi zilizojengwa kwa ajili ya watumishi, madereva na wafanyabiashara wa mazao. Mtalii asiye na makuu anapata chumba kisafi chenye blanketi mbili kwa bei ambayo Arusha ni vigumu kuisikia.

Vya kuona havihitaji gari. Maporomoko ya Luhuji yako kando ya barabara ya Makambako, na kutoka katikati ya mji unaweza kwenda kwa miguu. Upande wa Kibena kuna mashamba ya chai na misitu ya miwati iliyopandwa na kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa 1949 ili kupata magome ya kutengenezea ngozi. Jibini ya Njombe inafika hadi Dar es Salaam, na huku inaliwa ikiwa mbichi zaidi. Anayependa historia aulize njia ya Yakobi, misheni ya Kilutheri iliyoshambuliwa na wapiganaji wa Kibena Septemba 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji. Mgeni anapowasalimu wazee wa huku kwa neno moja tu la Kibena, kamwene, milango mingi hufunguka.

Kwa hiyo kulala na kula si kikwazo tena. Kinachokosekana mjini ni mahali pa kuuliza. Mgeni anayetaka kujua kesho gari la Ludewa linaondoka saa ngapi, au kama maua ya Kitulo yamechanua, hutegemea mhudumu wa gesti au kijana wa bodaboda. Wengine wanajua. Wengine wanabahatisha kwa nia njema, na safari inaharibika.

Kitulo, hifadhi inayomfaa mtembea kwa miguu

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa 2005 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 413 hivi, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla wanasayansi hawajaandika lolote. Kwenye uwanda huo, mita zaidi ya 2,500 juu ya usawa wa bahari, kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za orkidi za ardhini. Mlima Mtorwi unafika mita 2,961.

Ukifika Januari utaona jambo ambalo picha haionyeshi. Kwa mbali uwanda ni majani matupu, umeinuka na kushuka hadi ukungu unapoanza. Unapoinama, majani yanageuka kuwa maua: ya njano, ya zambarau, meupe yenye madoa, mengine madogo kuliko ukucha. Orkidi imesimama peke yake kwenye unyevu, na chini ya udongo ina kiazi kidogo. Kiazi hicho ndicho kilichokaribia kuiangamiza. Huchimbwa na kusafirishwa Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuharakisha uanzishwaji wa hifadhi.

Kwa msafiri wa kujitegemea, Kitulo ina faida ambayo haisemwi vya kutosha. Serengeti inahitaji gari, kwa sababu wanyama wako mbali na wengine ni hatari. Kitulo haina makundi ya simba na tembo. Inatazamwa kwa miguu, taratibu, pamoja na mwongozaji na kwa kufuata utaratibu wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Gharama kubwa kuliko zote za safari ya mbugani, yaani gari la kukodi, inapungua sana. Raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni wa nje, na hulipa kwa shilingi. Kwa mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo, hii ni hifadhi inayolingana na mfuko wake.

Lakini ina mgongano mmoja ambao lazima usemwe wazi. Maua huchanua kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo miezi ya mvua. Barabara ya kutoka Chimala inapanda kwa kona 57, na wenyeji huiita Hamsini na Saba. Ikilowa, hata dereva mzoefu hupunguza maneno. Upande wa Njombe ni nafuu zaidi, kwa kuwa barabara ya Njombe hadi Makete, kilomita 107 hivi, imewekwa lami. Hata hivyo, njia za ndani ya uwanda ni za udongo na magari ya abiria ni ya kuhesabu. Hifadhi iko katika ubora wake wakati ambapo kuifikia ni kugumu zaidi. Anayepanga safari bila kulijua hilo atafika Agosti, akute baridi kali na majani makavu, arudi akisema Kitulo hakuna kitu.

Mipango ya taifa nayo imechangia kuiacha pembeni. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, uliozinduliwa Iringa Februari 2018 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliweka kipaumbele kwa Ruaha, Mikumi, Udzungwa na ukanda wa Selous, ambao sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Kitulo haikuwamo katika hifadhi hizo nne. Mtu aliyesikia kila siku kuhusu utalii wa kusini alisikia habari za wanyama.

Kushuka ziwani

Njia ya kutoka huku kwenda Ziwa Nyasa ni ya zamani. Mwaka 1879 msafara wa Shirika la Kijiografia la Uingereza ulipita Uhehe na Ubena hadi kichwa cha ziwa hili. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifia njiani Behobeho, na uongozi ukaangukia kwa Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Vitabu vingi vinamsifu Thomson. Aliyeushika msafara kwa vitendo alikuwa James Chuma, mmoja wa wale waliobeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo 1874. Chuma ndiye aliyejua kupanga wapagazi, kuzungumza na machifu na kukadiria chakula. Kijana mgeni alifika kwa sababu alikuwa na mtu anayejua. Hitaji la msafiri halijabadilika tangu hapo.

Ziwa lenyewe liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika mita 700. Kutoka Njombe kupitia Ludewa, msafiri anateremka mita 1,500 katika safari moja. Baridi inabaki nyuma, miembe na mihogo inaanza, na Milima ya Livingstone inasimama wima nyuma ya ufukwe. Barabara hii ilikuwa kero ya miaka. Sehemu ya Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50 zenye udongo unaoteleza, imejengwa kwa zege, na imepunguza hofu ya masika.

Ufukweni kuna Manda, Lupingu na Lumbila. Kwenye ghuba ya Lumbila ndiko Wajerumani walikoweka kituo chao cha kwanza cha Langenburg miaka ya 1890, kabla ya kuhamia Tukuyu. Vijiji vya hapa ni vya wavuvi, na wanaoishi humo ni Wakisi na Wamanda. Samaki aina ya mbasa huchomwa mbele yako, maji ni maangavu na mawe ya ufukweni yamelainishwa na mawimbi. Meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi 2021 ikiwa na uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, hupita bandari hizi kati ya Kyela na Mbamba Bay. Ukiipata, unaweza kushuka ziwani kupitia Ludewa na kurudi kupitia Kyela na Mbeya bila kurudia njia. Huo ungekuwa mzunguko bora wa safari katika kusini yote.

Tatizo liko katika hilo neno ukiipata. Siku na saa za meli zinajulikana bandarini, na mtu aliye Makambako au Njombe mjini hana pa kuziona. Msafiri akishuka Lupingu na kukuta meli imepita jana, atalazimika kusubiri au kutafuta mtumbwi wenye injini. Mtumbwi ndio hatari yenyewe. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini hulichafua ziwa kwa muda mfupi. Hata Ha Long, pamoja na uzoefu wake wote, Julai 2025 mashua ya watalii ilipinduliwa na dhoruba na kuua watu zaidi ya 30. Ratiba iliyo wazi ni jambo la usalama sawa na koti la kuokolea maisha.

Nini kifanyike

Tukivipima vikwazo hivi pamoja, vingi havihitaji mkopo wa kimataifa. Vinahitaji mtu aliyepewa kazi hiyo na kuulizwa kama ameifanya.

La kwanza ni ubao wa ratiba katika stendi za Makambako na Njombe. Uonyeshe gari la kwanza na la mwisho la Makete na Ludewa, siku za magulio ambapo magari huongezeka, na nauli ya LATRA. Pembeni yake ziandikwe siku za meli. La pili, halmashauri za mkoa zikubaliane kuwa na meza moja ya taarifa mjini Njombe, yenye namba ya simu inayopokelewa na mtu anayejua hali ya barabara ya siku hiyo na hatua ya maua. La tatu, vijana wa Matamba iliyo karibu na Kitulo, pamoja na wa Lupingu na Manda, wafundishwe uongozaji wa wageni na watambuliwe kwa vitambulisho, ili fedha ya mgeni ibaki kijijini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni anapita usiku kwenda Songea bila kushuka.

La nne linahusu magari. Kwa njia zenye abiria haba, gari moja la asubuhi lenye saa maalumu, lijae lisijae, lingevunja ule mzunguko wa kusubiriana. Wamiliki hawataweza kuubeba mzigo huo peke yao mwanzoni. Halmashauri inaweza kuwapunguzia ushuru wa stendi kwa makubaliano kwamba saa itaheshimiwa, hadi abiria wazoee.

Msafiri naye ana wajibu wake. Achague msimu kwa kujua anachokitafuta: maua Januari na Februari, ziwa lililotulia kuanzia Septemba hadi Novemba, baridi na anga safi katikati ya mwaka. Aondoke asubuhi kila anapoiacha barabara kuu, abebe koti na fedha taslimu, na aweke siku moja ya akiba kwa ajili ya gari litakalochelewa. Asinunue chikanda wala kung'oa ua.

Njombe imekwisha kupata yale yaliyo magumu: lami, vitanda, hifadhi na meli. Kilichosalia ni taarifa, nayo ndiyo ya bei rahisi kuliko yote. Wenye dhamana ya stendi na bandari waibandike ukutani mwaka huu. Nawe msomaji, likizo yako ijayo ikiangukia msimu wa maua, kata tiketi ya Makambako.